Mguu Una Mwenyewe: Kujifunza Kuchora Mhusika wa Bango la Afya katika Mwambao wa Tanga

Picha ya matende iliyozoeleka katika vitabu vya tiba huonesha mguu mmoja. Umekatwa juu ya goti, umewekwa mbele ya kitambaa kisicho na maua, ngozi yake imekunjamana na vidole vimezama ndani ya uvimbe. Mwili haupo, uso haupo, jina halipo. Kwa daktari picha hiyo inatosha, kwa kuwa inamwonesha hatua ya ugonjwa, hali ya ngozi na mahali pa kutafuta michubuko. Lakini picha hiyo hiyo ikikuzwa na kubandikwa ukutani mwa zahanati, mbele ya benchi la wagonjwa, huanza kusema jambo jingine. Humwambia mama aliyeficha mguu wake chini ya kanga kwamba, machoni pa hospitali, yeye ni mguu huo tu.

Kuurudishia mguu mwenyewe wake ni kazi ya mchoraji. Kazi hiyo ina kanuni zake, nazo hufundishwa kwa wanafunzi wa usanifu wa michoro chini ya mada mbili: kubuni mhusika na kupanga picha. Makala haya yanazieleza mada hizo kwa kufuata mfano wa mwanafunzi wa kufikirika, mzaliwa wa mwambao wa Tanga, aliyepewa zoezi la kuchora bango kuhusu utunzaji wa mguu wenye matende. Mwanafunzi ni wa mfano. Ugonjwa, mahali na kanuni ni za kweli.

Kabla ya kushika penseli

Hatua ya kwanza haihitaji karatasi. Mchoraji anapaswa kuujua ugonjwa kama anavyopaswa kuujua muuguzi atakayelitumia bango lake.

Matende na mabusha husababishwa na minyoo ya filaria, ambayo nchini Tanzania ni ya aina ya Wuchereria bancrofti. Minyoo mipevu huishi kwa miaka kadhaa katika mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye mzunguko wa damu. Huzaa vijinyoo vidogo mno vinavyozunguka katika damu, hasa nyakati za usiku, na mbu wa jamii ya anofelesi na kuleksi huvinyonya na kuvipeleka kwa mtu mwingine. Mara nyingi maambukizi huanza utotoni, ilhali uvimbe hujitokeza baada ya miaka mingi. Kwa sababu hiyo watu wengi hushindwa kuuhusisha mguu wa leo na mbu wa jana, na nafasi iliyobaki wazi hujazwa na maelezo mengine. Katika mwambao imani kwamba madafu huleta mabusha bado inasikika. Ugonjwa huu hauletwi na madafu, hauambukizwi kwa kugusana wala kwa kula sahani moja, na si adhabu ya mtu yeyote.

Kingatiba ya umma dhidi ya ugonjwa huu ilianza nchini kisiwani Mafia mwaka 2000, na mkoani Tanga mwaka 2004. Watu humeza dawa mbili, ivermektini na albendazoli, mara moja kwa mwaka ili vijinyoo vipungue katika damu ya jamii nzima na mbu wakose cha kubeba. Hata hivyo, dawa hizo haziurudishi mguu uliokwisha kuvimba katika hali yake ya awali. Mguu huo huhitaji matunzo ya kila siku: kuoshwa kwa maji safi na sabuni, kukaushwa vizuri hasa katikati ya vidole, kukaguliwa kama una michubuko, kuinuliwa wakati wa kupumzika, kufanyishwa mazoezi ya kifundo na kuvalishwa kiatu kisichobana. Busha hutibiwa kwa upasuaji.

Hapo ndipo mwanafunzi hugundua kwamba bango lake lina neno moja tu la kusema: mguu huu unatunzika, nyumbani, kwa mikono ya mwenyewe. Kila mstari utakaochorwa utapimwa kwa neno hilo.

Huyu ni nani?

Katika rasimu ya kwanza mwanafunzi hufanya kosa linalotarajiwa, akaunakili mguu wa kitabuni. Mwalimu mzuri wa usanifu haulizi kama mchoro unafanana na kitabu. Huuliza: huyu ni nani? Ana umri gani? Asubuhi ya leo ametoka kufanya nini? Nani anamsubiri nyumbani?

Maswali hayo ndiyo mwanzo wa kubuni mhusika. Mwanafunzi wetu anajibu kwamba ni mwanamke wa makamo, mama wa watu wazima na bibi wa wajukuu, anayesuka makuti ya kuezekea chini ya mnazi. Jibu hilo dogo linabadilisha mengi. Msukaji wa makuti huketi mkekani, hivyo mkao wake unakubali kuinua mguu juu ya kigoda bila kuacha kazi. Mikono yake ina shughuli, basi mtazamaji hamwoni kama mtu aliyekaa kusubiri huruma. Mnazi na mkeka humjulisha mkazi wa Pangani au Mkinga kwamba mambo haya yanatokea kwao.

Baada ya kujua huyu ni nani, mchoraji hutafuta vipimo vya mwili. Kipimo cha kwanza ni kichwa. Mwili wa mtu mzima una urefu wa takriban vichwa saba na nusu, na wa mtoto mchanga takriban vichwa vinne. Wachoraji wa katuni hupenda kufupisha mwili hadi vichwa vitatu au vinne ili mhusika apendeze. Katika hadithi ya kuchekesha hakuna ubaya, lakini katika bango la afya ufupisho huo unaweza kupotosha. Kipimo cha ivermektini katika ugawaji wa kingatiba hufuata kimo cha mtu, ambaye husimamishwa kando ya kijiti chenye alama ili ijulikane anastahili vidonge vingapi. Mchoro ambamo mama na mwanawe wana uwiano mmoja wa mwili humnyima mtazamaji alama anayoitegemea kutofautisha mkubwa na mdogo.

Kipimo cha pili ni kivuli. Mwanafunzi hujaza umbo lote la mhusika kwa wino mweusi, kisha humwuliza mwenzake: unaona nini? Ikiwa kivuli pekee kinaonesha mwanamke aliyeketi, mguu mmoja umeinuliwa na mikono inasuka, mkao umesema kabla ya uso. Ikiwa kinaonesha fungu lisiloeleweka, hakuna rangi itakayouokoa mchoro huo. Mhusika anayerudi toleo baada ya toleo, kama Chakubanga wa mchoraji Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, hutegemea umbo linalotambulika kwa jicho moja.

Kipimo cha tatu ni uthabiti. Mhusika akitokea katika picha tatu, lazima abaki mtu yule yule. Kwa hiyo mwanafunzi huandaa karatasi ya mhusika, yaani mchoro wa mtu huyo kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, pamoja na nyuso zake za furaha, uchovu na maumivu. Kosa la kawaida katika mabango ya mguu ni uvimbe kuhama: picha ya kwanza upo kushoto, ya pili upo kulia. Kwa mchoraji ni kupitiwa. Kwa mgonjwa ni habari kwamba ugonjwa umehamia mguu wa pili.

Uso unaobaki na heshima

Mada ngumu kuliko zote ni uso. Mwanafunzi anapoambiwa achore mgonjwa, mkono wake huelekea wenyewe kwenye nyusi zilizoshuka, mdomo uliopinda na kichwa kilichoinama. Uso huo huwafanya watu wazima walio wazima waone huruma. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuuiga, na bango la afya hufanya kazi pale mtazamaji anapotaka kufanya kama mhusika anavyofanya.

Mfano mzuri uko karibu. Katika miaka ya 1990 UNICEF iliandaa hadithi za katuni na filamu za msichana aitwaye Sara, pamoja na tumbili wake Zingo, kwa ajili ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Hadithi zake ziligusa mambo mazito: kunyimwa shule, kunyanyaswa na watu wazima, kuishi karibu na UKIMWI. Mhusika alibuniwa kwa kuwashirikisha watoto na wazazi wa nchi kadhaa, ili msichana wa nchi moja asimwone kuwa mgeni kutoka nyingine. Jambo la kujifunza kwa Sara ni kwamba matatizo yake ni makubwa, na bado yeye ndiye anayefikiri, anayeamua na anayetenda. Mtoto anayemtazama hujiona akitenda.

Vivyo hivyo msukaji wa makuti. Mwanafunzi anamwinua kichwa, macho yanaelekea kazini kwake, na mdomo umetulia kama wa mtu anayezungumza na jirani. Uvimbe hauondolewi wala haupunguzwi, kwa kuwa mgonjwa atautambua uongo huo mara moja. Unachorwa ulivyo, ila ni sehemu moja ya mwili wa mtu mwenye sehemu nyingine nyingi.

Mchoro una faida nyingine ambayo wahudumu wa afya wanapaswa kuithamini. Picha ya kamera ya mgonjwa halisi huhitaji ridhaa yake iliyotolewa kwa kuelewa, na hata ridhaa ikipatikana, uso wake unaweza kuonwa na jirani ambaye hakujua. Mhusika aliyebuniwa hana jirani wa kumfichua.

Walimu wawili wa mpangilio

Mhusika akishakamilika, huja swali la pili: akae wapi katika karatasi? Hapa mwanafunzi wa Tanga ana walimu wawili wa nyumbani.

Wa kwanza ni kanga. Kila mwanamke wa mwambao anajua kwamba kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa chini ya mji. Pindo huzuia jicho lisitoke nje, mji hubeba umbo kuu, na jina husema neno moja fupi lenye uzito. Hakuna kanga yenye majina kumi. Bango la afya lenye sentensi kumi na mbili, nembo sita na picha tano limesahau somo ambalo kila nyumba ya Tanga inalo sandukuni. Mwanafunzi anayechora bango kwa kufuata kanga huacha ukingo mtupu kama pindo, humweka mhusika mjini, na huandika jina moja: “Osha, kausha, inua.”

Wa pili ni Edward Said Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, na katika ujana wake alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam. Huko aliwahi kuajiriwa katika Hospitali ya Muhimbili kama msaidizi wa wauguzi, na kuanzia mwaka 1968 hadi kifo chake mwaka 1972 alichora picha zilizoanzisha mtindo wenye jina lake. Alichora kwa rangi za dukani juu ya vipande vya ubao wa dari vyenye umbo la mraba. Mara nyingi mnyama mmoja hujaza mraba wote, nyuma yake kuna rangi chache tu, na mistari ya nje iko wazi. Jicho halina pa kupotelea. Mtu aliyezifahamu wodi za hospitali hakuacha bango la afya, lakini aliacha kanuni ambayo bango la afya linaihitaji: jambo moja, kubwa, lenye mpaka unaoonekana ukiwa mlangoni.

Kanuni hiyo ina manufaa ya kiutendaji. Bango likichapishwa kwa rangi mjini, nakala zitakazofika zahanati ya mwisho huenda zimetolewa kwa mashine ya fotokopi, nyeusi na nyeupe. Mchoro unaotegemea wekundu wa ngozi kuonesha maambukizi hupoteza ujumbe wake katika nakala ya kwanza. Unaotegemea mstari na umbo hufika salama.

Jicho huanzia wapi?

Mwanafunzi ameamua kuonesha hatua tatu: mwanamke akiosha mguu katika beseni, akiukausha kwa kitambaa katikati ya vidole, kisha akiuinua juu ya kigoda anaposuka. Anazipanga kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, kama afanyavyo mtu yeyote aliyesoma shule. Hapo mwalimu anamsimamisha.

Wazee wengi wa mwambao walijifunza herufi za kwanza chuoni, mbele ya Kurani, ambako jicho hutoka kulia kwenda kushoto. Mtu huyo akizisoma picha kwa mwelekeo wa herufi alizozizoea, atamwona mwanamke akiinua mguu, akiukausha, kisha akimalizia kwa kuulowesha majini. Hatari ni kubwa zaidi katika mabango ya “kabla” na “baada”: yakisomwa kinyume, matibabu ndiyo yanayoleta uvimbe.

Suluhisho ni rahisi. Hatua hupangwa kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa hati zote mbili huteremka ukurasa. Kila hatua hupewa tarakimu kubwa. Vitu hurudi vikiwa vimebadilika kwa mantiki: sabuni kubwa, kisha ndogo; kitambaa kikavu, kisha kilicholowa. Na mhusika hutazama kule ambako jicho la mtazamaji linapaswa kwenda, kwa sababu watu hufuata macho ya watu.

“Ndiyo” ya adabu

Mchoro mzuri mezani bado haujawa mchoro mzuri benchini. Waelimishaji wa afya husimulia mara kwa mara kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mchoro wa mbu aliyekuzwa hadi ukubwa wa kuku, wakashukuru, kisha wakasema kwamba kwao hakuna tatizo kwa kuwa mbu wao si wakubwa hivyo. Kosa halikuwa la watazamaji. Mchoraji hakuwapa kitu cha kulinganisha, kama mkono wa mtu ambao mbu ametua juu yake.

Utafiti uliofanywa nchini Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2001 ulilinganisha alama za dawa zilizotoka Marekani na alama zilizobuniwa kwa kuwashirikisha wenyeji wenye elimu ndogo. Alama za wenyeji zilieleweka vizuri zaidi. Viwango vinavyotumika katika tafiti za namna hiyo ni viwili: shirika la kimataifa la viwango, ISO, hutaka alama ieleweke kwa angalau asilimia 67 ya watazamaji, na kiwango cha Marekani cha ANSI hutaka asilimia 85. Mwanafunzi anaweza kuvitumia hata akiwa na watu ishirini tu katika zahanati moja: wakielewa kumi na wanne, amevuka kiwango cha kwanza, wakielewa kumi na saba, amefikia cha pili.

Jambo la kuzingatia ni namna ya kuuliza. Katika mwambao, bibi akiulizwa na kijana aliyetoka mbali “Umeelewa?”, atajibu “Ndiyo, mwanangu,” kwa sababu adabu inamtaka asimvunje moyo mgeni. Ndiyo hiyo haina thamani ya kipimo. Mazungumzo yenye manufaa hufuata njia nyingine, huku maneno ya bango yamefunikwa kwa karatasi:

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Bibi, hapa unamwona nani?”

“Namwona mtu mzima mwenzangu, anasuka makuti.”

“Na huku juu anafanya nini?”

“Ananawa miguu. Anataka kuswali.”

Jibu hilo la mwisho ni zawadi. Mwanafunzi alichora kuosha mguu. Mtazamaji ameona udhu. Hakukosea, kwa kuwa katika maisha yake maji yanayomiminwa mguuni yana maana hiyo kwanza. Mchoraji ana njia mbili. Anaweza kuongeza kipande cha sabuni na povu ili tofauti ionekane. Au anaweza kumsaidia muuguzi kuitumia maana hiyo hiyo: mwenye kutawadha mara tano kwa siku tayari ana mazoea ya maji miguuni, na anachohitaji kuongeza ni sabuni mara moja, na kitambaa kikavu kila mara. Rasimu ya nne itazaliwa hapo, mbele ya benchi.

Kwa wanaoagiza michoro

Wahudumu wa afya huagiza mabango mara nyingi kuliko wanavyodhani: karatasi ya kubandika mlangoni, kipeperushi cha kliniki, picha ya kufundishia wagawa dawa ngazi ya jamii. Maswali ya darasa la usanifu yanaweza kuulizwa na muuguzi yeyote kabla ya kupokea kazi. Mhusika huyu ni nani, na je, mgonjwa angependa kufanana naye? Nikifunika maneno, picha inasema nini? Inasema jambo moja au matano? Ikitolewa fotokopi, itabaki? Nani ameiona na kusema ameona nini?

Na mgonjwa anayesoma ukurasa huu ana haki ya kuuliza swali moja zaidi. Akiona ukutani picha inayomtia aibu, amwambie muuguzi. Kauli yake ni kipimo ambacho mchoraji hawezi kukipata kwingine. Akiwa na mguu uliovimba, asisubiri bango jipya. Aanze na maji safi, sabuni na kitambaa kikavu leo, na afike kituo cha afya upesi mguu ukipata joto, maumivu makali au homa.

Siku bango la msukaji wa makuti litakapobandikwa, huenda mama aliyeketi benchini akalitazama kwa muda, akavuta kanga yake kidogo, na kumwuliza muuguzi: “Huyu mwenzangu, hicho kigoda anakiweka urefu gani?” Hilo ni swali la mtu anayekusudia kujaribu, na muuguzi ana jibu lake: mguu uinuliwe hadi usawa wa nyonga, nao uegemezwe chini ya goti na kifundo.